Sufuria Namba 14 Iko Wapi?

Ilikuwa Jumamosi ya Mfunguo Mosi, mwezi ambao Tanga nzima inaoa. Hata saa tatu asubuhi haijagonga, nilikuwa nimeshapokea simu nne, na zote zinauliza jambo moja. Wa Sahare anataka kujua jenereta liko wapi. Wa Muheza anaulizia sufuria kubwa ya pilau, ile namba 14, maana mpishi ameshawasha moto na mchele umeshaoshwa. Dereva ananiuliza mimi turubai la pili limebaki kwa nani. Na mama, kutoka chumbani kwake, anauliza gari limefika wapi.

Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa na daftari, na daftari lilisema kila kitu kimo stoo.

Jenereta lilikutwa Mabokweni. Lilipakiwa usiku pamoja na mzigo wa hitma, kijana akidhani linakwenda huko. Turubai lilikuwa chini ya viti, kwenye kirikuu hiyohiyo aliyokuwa akiiendesha dereva. Sufuria namba 14 tuliipata siku ya nne, Makorora, uani kwa jirani wa watu tuliowakodishia wiki iliyotangulia. Walikuwa wameiazima ya kuwekea maji, bomba halikuwa linatoa, na walishangaa kweli kusikia kwamba inatafutwa. Mama mwenye nyumba aliisugua mpaka ikang'aa kabla ya kunirudishia.

Nasisitiza kwamba hapakuwa na mwizi, kwa sababu kila muuzaji wa vifaa vya ufuatiliaji niliyezungumza naye tangu siku ile alianza na mwizi. Kwetu sisi tunaokodisha vifaa vya shughuli, mali haiibiwi sana. Inapotea njia. Inatoka kwenye ndoa inaingia kwenye arobaini, inatoka kwenye arobaini inaazimwa na jirani. Nimechukua zaidi ya mwaka kutafuta namna ya kujua kitu kiko wapi bila kupiga simu kumi, na wenzangu wenye magodauni, gereji na mashamba wamekuwa wakiniuliza nimefikia wapi. Nimeona niandike kwa urefu, mara moja.

Biashara yenyewe si kubwa. Mama aliianza na masufuria sita hapa Ngamiani, akiyapiga namba mwenyewe kwa msumari na nyundo, kitundu kimojakimoja mpaka tarakimu isomeke. Leo tuna masufuria makubwa 22, viti vya plastiki mia nane na kitu, maturubai, masinia, majenereta matatu, spika, kirikuu na kenta moja. Stoo ni ya matofali, juu bati. Hilo bati likumbuke, linarudi.

Jaribio la kwanza halikunigharimu chochote zaidi ya bando. Nilimwomba dereva anishirikishe mahali alipo kwa WhatsApp. Pale unachagua dakika 15, saa moja au saa nane, nasi tulichagua saa nane. Kwa biashara ya gari moja na safari mbili kwa wiki, naliona jambo hili linatosha kabisa, na sioni haya kumshauri mtu aanzie hapo. Kwetu lilishindwa kwa sababu simu ni ya dereva, na simu ya dereva ina kazi zake. Ikiisha chaji, kitone kinagandia kilipokuwa na wewe huku unadhani gari limesimama. Halafu lilinionyesha gari tu. Jenereta likishashushwa, simu inaondoka na dereva.

Ndipo nikanunua traka tatu za GPS, vifaa vidogo vya kuonyesha kitu kiko wapi, moja kwa kila jenereta.

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo mawili, na mimi nilichanganya, na kuchanganya huko kunakula fedha. Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja ina saa ya atomiki, na kazi yake ni kutangaza muda bila kukoma. Kifaa chako hakipeleki chochote huko juu, kinasikiliza tu. Kinapima wimbi limechukua muda gani kufika, kinapata umbali, na kikisikia setilaiti nne au zaidi kinajua kilipo. Wimbi hilo hukata karibu sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Ukisimama uwanjani Tangamano, anga wazi, simu ya kawaida hukosea kama mita tano. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiuvuruga usahihi huo kwa makusudi kwa sisi raia wa kawaida. Siku hizi vifaa vingi vinasikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China, na hiyo ni faida.

Hayo ndiyo mambo ya kujua ulipo, na bando halihusiki hapo. Jambo la pili ni kukuletea wewe habari hiyo mkononi, na hapo ndipo laini ya simu inapoingia: traka ina laini ndani yake, inatuma mahali ilipo kwa mtandao uleule wa simu. Mambo haya mawili hushindwa kila moja kwa sababu yake. Traka inaweza kujua ilipo ikakosa mtandao wa kukuambia. Inaweza kuwa na mtandao umejaa lakini haioni anga, ikakutumia uongo kwa kasi nzuri sana.

Yangu ilifanya la pili. Jenereta likiwa limelala stoo chini ya bati, kitone kilikuwa kikiruka barabara mbili nzima, mara kiko mtaa wa nyuma, mara kimevuka kwenda sokoni. Usiku mmoja kilinitoa kitandani. Nilikwenda na kurunzi, nikafungua kufuli, nikalikuta jenereta limetulia na vumbi lake. Wimbi la setilaiti hufika duniani likiwa dhaifu mno, na bati linalizuia. Kinachopenya ni vipande vilivyogonga kuta na kurudi, na kifaa kinavikokotoa hivyo hivyo.

Kosa langu lingine lilikuwa tamaa. Fundi aliniuliza nataka kitume taarifa kila baada ya muda gani, nikasema kila sekunde kumi, nione papo hapo. Sekunde kumi ni mara 8,640 kwa siku. Betri ilikufa siku ya tatu, siku ambayo jenereta lilikuwa Pangani. Tukabadili: jenereta likitembea traka itume kila dakika mbili, likitulia ilale, na kihisi cha mtikisiko kiiamshe likiguswa. Betri ikaanza kudumu wiki kadhaa. Nami nikaanza kujiuliza swali ambalo ningejiuliza kabla ya kutoa hata shilingi: nikisema nataka kujua kitu kiko wapi, ninakusudia nini hasa?

Maana "wapi" ina ukubwa. Mama akiuliza gari liko wapi, jibu la "Muheza" linamtosha, hata likikosea nusu kilomita. Wa Sahare akiuliza jenereta, anataka kujua liko nyumba gani. Kijana wa stoo akitafuta spika, anataka kujua chumba cha mbele au cha nyuma. Na sufuria namba 14, kwa kweli, sihitaji kujua iko wapi sasa hivi. Nahitaji kujua ilitoka mlangoni siku gani, na mzigo wa nani, na kama imerudi. Hilo ni swali la mlango. Halina uhusiano wowote na setilaiti.

Nilipolitenga swali hili na yale mengine, nusu ya vitu nilivyokuwa nikitajiwa na wauzaji vilijiondoa vyenyewe. Nilikuwa nimetaka kifaa kimoja kijibu kila kitu. Hakipo, na anayekwambia kipo hajawahi kubeba masufuria.

Swali la mlango linajibiwa na RFID. Ile niliyoitumia ni lebo isiyo na betri kabisa. Msomaji, yaani kifaa cha kusomea lebo, anarusha wimbi, lebo inajilisha kwa nguvu ya wimbi hilohilo, inaamka kwa kitambo kidogo na kutaja namba yake, basi, inarudi kulala. Zile za masafa ya UHF, kati ya megahezi 860 na 960, husomeka kwa mita kadhaa. Lebo ya karatasi ni rahisi sana, ghali ni msomaji. Nilifurahi. Nikabandika stika ya kwanza kwenye namba 14, nikasogeza msomaji mpaka akakaribia kuigusa. Kimya. Nikaibandua nikaibandika kwenye kiti cha plastiki, ikaita nikiwa mita nne.

Chuma na maji ndio maadui wa lebo hizi. Ukiibandika juu ya alumini, antena yake ndogo inavurugika, haiwezi tena kupokea ile nguvu. Ziko lebo zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, nene kidogo, zenye tabaka linaloitenga antena na sufuria. Nikaleta hizo, tukazikaza kwa ribiti chini ya kishikio. Shughuli ya kwanza, moto wa kuni, zikayeyuka mbili. Yaani nilikuwa nimewaza mlango nikasahau jiko. Sufuria ya pilau inakaa juu ya moto saa mbili, inapaliwa makaa juu ya mfuniko, kisha inasuguliwa kwa mchanga na majivu na vijana wanaotaka kumaliza walale. Lebo yoyote isiyoweza kuishi maisha hayo haifai, hata ikisomeka kutoka Pemba. Tulilazimika kuagiza zinazostahimili joto kali, nazo bei yake si ya stika. Ndiyo sababu nimeweka kwenye masufuria makubwa 22 tu. Madogo tunayahesabu kwa macho, kama zamani.

Likabaki la kupachikana. Masufuria husafiri moja ndani ya jingine, na sufuria iliyo ndani imezungukwa na chuma pande zote. Msomaji aliyefungwa juu ya mlango alikuwa akiona matatu, tumetoa saba. Hakuna programu iliyonitatulia hili. Tulibadili namna ya kupakia: kila sufuria kubwa inapita mlangoni peke yake, kishikio chenye lebo kikielekea juu, na yanapachikwa nje, kwenye gari. Inatuongezea dakika kumi. Vijana walinung'unika wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Tuliweka pia antena mbili, moja upande wa ndani na moja nje, kwa kuwa antena moja inajua sufuria imepita lakini haijui imetoka au imeingia. Na masufuria tuliyahamisha yakae mbali na mlango, maana yaliyokuwa karibu yalikuwa yanasomwa usiku kucha kama yanatembea.

Viti sikuvigusa. Mtu wa Dar es Salaam alinisihi niweke lebo viti vyote mia nane. Nilimsikiliza, nikapiga hesabu ya lebo, kazi ya kubandika na zitakazochubuka, nikalinganisha na bei ya viti vinavyopotea kwa mwaka. Viti tunavipanga kumikumi, tunahesabu mafungu. Kinachopotea kinalipwa na aliyekodi, na hilo limeandikwa kwenye risiti.

Bluetooth nimeitumia kidogo, na kwa kidogo hicho naipenda. Kifaa kidogo chenye betri ya kidonge kinarusha jina lake kila baada ya muda, na kipokezi ukutani kinapima wimbi lake lina nguvu kiasi gani. Usahihi wake ni wa mita kadhaa, tena unayumba, kwa kuwa mwili wa binadamu umejaa maji na masafa yale ya gigahezi 2.4 hunywewa na maji. Stoo ikijaa vijana wakati wa kupakia, kila kitu kinaonekana kimesogea mbali. Lakini nilichotaka kujua ni chumba cha mbele au cha nyuma, kwa spika na mikisa ya muziki, na hilo linapatikana. Tangu 2019, toleo la 5.1 limeleta uwezo wa kupima wimbi linatoka upande gani, ila linahitaji vipokezi vyenye antena nyingi.

Ipo na UWB, aina nyingine ya mawimbi ya redio. Hiyo haipimi nguvu ya wimbi, inapima muda wa safari yake, na inakupa mahali kwa sentimita kumi mpaka thelathini, ndani ya jengo. Inahitaji vituo vilivyofungwa ukutani, kila kimoja kimepimwa mahali pake na kina umeme. Nikiwa na bohari lenye magari ya kunyanyulia mizigo yanayopishana na watu wanaotembea kwa miguu, ningeitaka kesho, kwa sababu pale mita tatu za makosa ni mguu wa mtu. Kwa spika zangu ni kutwanga maji kwenye kinu.

Na umeme huo nao usisahaulike. Msomaji, vipokezi, kisanduku cha intaneti, vyote vinalala umeme ukikatika. Nimeviwekea betri ya akiba yao wenyewe. Muuzaji hakunitajia, nilikumbuka mwenyewe siku ya kiza.

Sasa nije kwa jambo lililonisumbua kuliko bati na moto.

Tulipoamua kufunga traka kwenye kenta na kirikuu, nilimwita fundi siku ambayo dereva wetu alikuwa mapumziko. Sikuwa na nia mbaya, ndiyo siku ambayo magari yalikuwa yamesimama. Dereva huyu amebeba mzigo wa mama tangu mimi niko shule ya msingi. Namwita mjomba. Jumatatu alifika, akafungua boneti kuangalia maji kama kawaida yake, akaona waya mpya. Hakusema kitu mpaka jioni. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akakaa kwenye kiti, akaweka funguo mezani katikati yetu.

"Mwanangu," aliniambia, "ungeniuliza ningekufungia mwenyewe."

Sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nimemfanyia mtu niliyemwamini kitu ambacho hufanyiwa mtu asiyeaminika. Nilimwomba radhi, na kesho yake tukakaa watatu, na mama akiwemo. Mjomba anayajua mambo haya kuliko alivyodhaniwa na fundi. Ameendesha mabasi ya mikoani, anaujua mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, anajua basi likivuka kilomita 80 kwa saa habari inafika. Hakukataa gari kufuatiliwa. Alichokataa ni kufuatiliwa kwa siri, na kufuatiliwa akiwa kwenye shughuli zake.

Tukakubaliana. Traka ni ya gari, hakuna kitu kitakachowekwa kwenye simu yake. Tunaoona ramani ni mimi na yeye, kwa hiyo anaona kile ninachokiona. Akishakabidhi funguo, ramani haifunguliwi mpaka kesho. Safari zilizopita zinafutwa baada ya siku 30. Tuliandika, tukatia saini. Baadaye ndipo nikasoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na nikaona kwamba kumwambia mtu taarifa zake zinakusanywa kwa sababu gani ni wajibu wangu kisheria. Mwenye biashara yoyote anayefuatilia gari anamfuatilia na aliye kwenye usukani. Asijidanganye kwamba anafuatilia chuma tu.

Miezi miwili baadaye familia moja ilikataa kumalizia malipo, ikidai mzigo ulifika umechelewa. Mjomba ndiye aliyesema, "Fungua ramani." Gari lilikuwa limesimama mlangoni kwao tangu saa moja na dakika arobaini asubuhi. Tukalipwa.

Kuhusu kununua, nina ushauri mmoja tu ninaoung'ang'ania. Usikubali kuonyeshwa kifaa hotelini, mezani, kwenye skrini kubwa. Mwambie muuzaji akiache kwako wiki moja, mahali pako, na vitu vyako. Mimi nilikuwa nafunga mlango wa stoo, natia kifaa ndani ya sufuria, naweka mfuniko. Nilikipeleka Bweni siku tulipovuka mto Pangani kwa pantoni, nione mtandao ukikatika kitafanya nini. Kimoja kilipoteza safari nzima. Kingine kilihifadhi njia yote ndani yake na kikaituma kiliposhika mtandao, kitone kwa kitone, na hicho ndicho nilichochukua. Uliza pia taarifa zako zinakaa wapi na utazipataje siku ukimwacha, na kama kifaa kimekubaliwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kampuni mbili zilikataa kuacha kifaa. Sikuzipigia tena.

Mfunguo Mosi umeingia tena. Jumamosi iliyopita, saa moja kasorobo, simu ya kwanza ikaita. Ni Muheza, sauti ya mama mmoja mwenye haraka, nyuma yake nasikia kuni zinapasuliwa. Anauliza sufuria ya pilau iko wapi.

Nikatazama. Namba 14 ilitoka mlangoni saa kumi na mbili na dakika tano. Imo kwenye kenta, na kenta ndiyo kwanza inaipita Pongwe.

"Iko njiani, mama. Ipe nusu saa hivi. Mwambie mpishi asiwashe moto kwanza."